Kazi Yetu Inatumiwa na Nani? Hotuba kuhusu Kujitathmini na Kutathminiwa

Hotuba hii ilitolewa jijini Dodoma mbele ya viongozi wa asasi zisizo za kiserikali zinazoshughulika na lugha, historia, fasihi simulizi, makumbusho na maktaba za jamii katika mikoa ya kati. Tunaiweka hapa kwa ukamilifu kwa ajili ya wajumbe ambao hawakuweza kufika.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu mliotutangulia katika kazi hii, wajumbe wa bodi, wakurugenzi, makatibu na watunza hazina, mabibi na mabwana: mbukwenyi!

Asanteni kwa itikio hilo. Mmeniomba nizungumzie namna asasi zetu zinavyoweza kujitathmini zenyewe na namna zinavyoweza kukaribisha tathmini ya watu wa nje. Nitaanza na neno ambalo huenda lisiwapendeze baadhi yenu: asasi zetu nyingi hazijawahi kujitathmini hata mara moja. Zimekaguliwa hesabu, ndiyo. Zimeandika taarifa za mwaka, ndiyo. Zimejaza fomu za wafadhili, tena kwa ustadi, ndiyo. Lakini kuketi pamoja siku nzima na kuulizana kama kazi tunayoifanya ina faida kwa yule tunayedai kumfanyia, hilo wengi wetu hatujalifanya.

Naomba nisieleweke vibaya. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002, pamoja na marekebisho yake, inatutaka tuwasilishe kwa Msajili taarifa ya shughuli zetu na hesabu zilizokaguliwa, na sisi tulio Dodoma hatuna hata kisingizio cha umbali, maana ofisi ya Msajili iko papa hapa mjini. Wajibu huo tuutimize bila kunung'unika. Ninachosema ni kwamba mkaguzi wa hesabu ana swali lake na sisi tunapaswa kuwa na letu. Yeye anauliza: fedha iliyoandikwa kuwa imenunua vinasa sauti, je, ilinunua vinasa sauti kweli? Akikuta stakabadhi, akikuta hati ya malipo, akikuta kifaa kimeandikwa kwenye rejista ya mali, amemaliza kazi yake na ameifanya vizuri. Hakutumwa kuuliza kama sauti iliyorekodiwa kwa kifaa hicho imewahi kusikilizwa na mtu yeyote.

Nitawapa kisa, na jina la asasi nitalihifadhi. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mmoja wa watathmini wawili walioitwa na asasi ndogo iliyokuwa ikikusanya masimulizi ya wazee: asili za koo, nyimbo za kazi, habari za miaka ya njaa na za watu kuhamishiwa vijijini. Vitabu vyao vilikuwa safi. Idadi ya wazee waliohojiwa ilikuwa imechanganuliwa kwa kijiji, kwa jinsia na kwa umri. Tukaomba jambo moja tu, kwamba tusikilize mahojiano matatu tutakayoyachagua wenyewe kutoka katika orodha yao. Ofisi ikanyamaza. Mtu mmoja akatoka kwenda kutafuta ufunguo wa kabati. Kabati lilipofunguliwa mlikuwa na vinasa sauti ambavyo betri zake zilikwisha kuvuja, na bahasha ya kaki yenye kadi za kumbukumbu zisizoandikwa jina wala tarehe. Sehemu kubwa ya sauti, tukaambiwa, ilihamishiwa kwenye kompyuta ya afisa mradi, na afisa mradi alikwisha kupata ajira mkoa mwingine. Kadi moja ilikubali kufunguka. Ilikuwa ya bibi anayeimba wimbo wa kusagia nafaka. Anaimba, mbuzi analia karibu yake, bibi anacheka, kisha anaendelea pale alipoachia. Tulipofika kijijini kwake tulikuta amekwisha kufariki, na wajukuu wake ndio waliotuuliza sisi, wageni, kama ni kweli sauti yake ipo mahali. Hawakuwahi kupewa nakala.

Ndugu zangu, katika kisa hiki hakuna aliyeiba. Hesabu zilikuwa safi. Taarifa ya mwaka ilikuwa ya kweli mstari kwa mstari. Mkurugenzi alikuwa mtu mwadilifu na mchapakazi. Hata hivyo kazi ilikuwa imekufa ndani ya kabati, naye hakuwa na habari, kwa sababu kwa miaka yote hiyo hakuna aliyemwuliza swali ambalo jibu lake halikuwamo kwenye fomu.

Kwa nini sisi watu wa insia, yaani wa lugha, historia, fasihi na utamaduni, tunaanguka katika jambo hili kwa urahisi kuliko wenzetu? Wenzetu wa maji wanahesabu visima na kuonja maji. Wenzetu wa afya wanahesabu watoto waliochanjwa. Sisi, kwa kuwa matunda ya kazi yetu yamo katika vichwa na vinywa vya watu, tumejiokoa kwa kuhesabu vichwa vyenyewe. Tunatandaza karatasi ya mahudhurio mezani, watu wanaweka sahihi, tunaandika kwamba washiriki walikuwa kadhaa, wanawake kadhaa, vijana kadhaa, na mambo yamekwisha. Lakini tuambizane ukweli humu ndani: karatasi ya mahudhurio ambayo husainiwa kabla ya kupokea posho hupima posho zaidi ya inavyopima hamu ya historia. Nimeziona karatasi ambazo majina ya watu thelathini yameandikwa kwa mwandiko mmoja na sahihi zote zinainamia upande mmoja. Sizungumzii ufisadi, mara nyingi ni karani mwenye haraka. Nauliza tu: hicho ndicho kipimo chetu?

Kipimo ninachowapendekezea ni hiki. Ni nani anayetumia kazi yetu bila ya kulipwa nasi? Narudia, kwa kuwa hapa ndipo ulipo moyo wa hotuba yangu: ni nani anayetumia kazi yetu bila ya kulipwa nasi? Mwalimu wa shule ya msingi anayezisoma darasani hadithi tulizozikusanya, ingawa hatukumwalika semina. Mtangazaji wa redio ya jamii anayezirusha nyimbo zetu. Kijana anayekuja kuomba nakala ya masimulizi ya babu yake. Ukipata watu hao, waandike, watafute, wahoji. Usipowapata, hiyo nayo ni taarifa, na pengine ndiyo taarifa muhimu kuliko zote za mwaka huo.

Tunaye shahidi wetu hapa hapa Ugogo. Mathias Mnyampala, aliyezaliwa mwaka 1917 na kufariki mwaka 1969, alikuwa kiongozi wa chama cha hiari cha washairi, UKUTA, yaani Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania. Alizieneza ngonjera, na ngonjera zikaingia shuleni na katika mikutano ya hadhara, zikighaniwa na watoto ambao hawakumwona mtunzi wao hata siku moja. Wengi mliomo humu mlisimama mstarini mkaghani ngonjera mbele ya mgeni rasmi. Je, kuna aliyewalipa?

Sasa niingie katika utaratibu wenyewe, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo tunapokosea.

Tathmini ya nje isije kabla ya kujitathmini. Mpangilio huu haukubuniwa na mimi. Mpango wa Afrika wa Kujitathmini Kiutawala Bora, ule unaojulikana kwa herufi APRM, ulioanzishwa mwaka 2003, unafuata njia hiyo hiyo: nchi huanza kwa kujichunguza na kuandika taarifa yake, kisha ndipo wataalamu kutoka nchi nyingine za Afrika hufika kuipima. Tanzania ilijiunga mwaka 2004 na taarifa yake ikajadiliwa na wakuu wa nchi wenzake mwaka 2013. Vyuo vikuu vyetu navyo, chini ya Tume ya Vyuo Vikuu na Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, hufanya vivyo hivyo kwa programu zao. Walimu wa Ndaki ya Insia na Sayansi za Jamii hapo Chuo Kikuu cha Dodoma wanaweza kutueleza usiku wanaoukesha wakiandika taarifa hizo. Na huko Marekani, makumbusho yanayotafuta ithibati, utaratibu ulioanza mwaka 1971, hujichunguza na kuandika kwanza, kisha wanataaluma kutoka makumbusho mengine huja kutazama, wengi wao kwa kujitolea.

Kwa nini tuanze wenyewe? Kwa sababu mtathmini asiyekuta chochote kilichoandikwa na wenyeji ataandika anachokijua yeye. Ataandika kwamba bodi iimarishwe, kwamba mawasiliano yaboreshwe, kwamba kuwe na mpango mkakati. Mmekwisha kuzisoma taarifa za namna hiyo. Ukibadilisha jina la asasi kwenye jalada, zinafaa mahali popote. Lakini akikuta kurasa kumi ambamo nyinyi wenyewe mmesema, "Tunadhani hili linakwenda vizuri, na ushahidi wetu ni huu, tunadhani lile linatushinda, na sababu tunazozijua ni hizi," basi ana kitu cha kukijaribu, na mtakayozungumza yatakuwa ya kwenu.

Bila shaka wahenga walituonya kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Mkurugenzi akiachiwa aandike peke yake, ataivuta ngozi. Kwa hiyo swali la kwanza la kujitathmini linahusu viti: nani aketi mezani? Ushauri wangu ni kwamba mkurugenzi awepo lakini asiongoze kikao. Aongoze mjumbe wa bodi asiyeshughulika na kazi za kila siku. Wawepo watumishi wa ngazi zote, wawepo watumiaji wawili au watatu wasiodaiwa fadhila na ofisi, na awepo mtu aliyewahi kufanya kazi hapo akaondoka kwa amani. Wasome kwanza mihtasari ya bodi ya miaka mitatu. Mtashangaa ni maazimio mangapi yalipitishwa mara mbili kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kwamba yalikwisha kupitishwa.

Nisisitize habari ya watumishi wa ngazi zote. Katika maktaba moja ya jamii kikao kilikuwa kimekwenda vizuri hadi mchana, kila mtu akisifu ongezeko la wanafunzi wanaofika jioni. Mama anayefanya usafi akaomba kusema. Akasema, "Wanangu wale hawaji kwa ajili ya vitabu. Wanakuja na madaftari yao kwa sababu hapa kuna taa. Vitabu mimi ndiye ninayevipangusa vumbi, na vumbi lake nalijua." Mkurugenzi alikasirika, kisha akaenda kwenye rafu akatoa vitabu kadhaa na kuitazama karatasi ya kuazimia iliyobandikwa ndani ya kila jalada. Nyingi zilikuwa tupu. Mjadala uliofuata ulikuwa mjadala wa kweli: je, kazi yetu ni kuwapa watoto mahali penye mwanga, nayo ni kazi ya heshima, au ni kuwafanya wasome? Kama ni vyote viwili, mbona bajeti yote inakwenda kwenye vitabu ambavyo hawakuviomba? Hakuna mtathmini kutoka Dar es Salaam ambaye angeligundua hilo kwa ziara ya siku mbili.

Na mtu wa nje, basi, kazi yake ni nini? Wahenga hao hao walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huona kile ambacho mwenyeji amekizoea. Lakini mgeni gani, na aje lini, na akutane na nani?

Tuchukue michoro ya miambani ya Kondoa, ambayo UNESCO iliiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Ni zaidi ya mapango 150 kwenye miteremko ya Bonde la Ufa, na baadhi yake, kama kule Kolo, bado ni mahali ambapo wenyeji hufanya matambiko ya mvua na ya uponyaji. Sasa fikirini asasi inayoelimisha umma kuhusu michoro hiyo imetafuta mtathmini, akapatikana bingwa wa mambo ya kale. Atazungumzia rangi, mmomonyoko, uzio na vibao vya maelezo, na atazungumza vyema. Lakini je, atamwuliza mzee anayekwenda pangoni na sadaka yake kama mafunzo ya asasi hiyo yamemheshimu au yamemfanya aonekane mharibifu mbele ya wajukuu zake? Timu ya watu wawili, mmoja wa taaluma na mwingine anayeijua jamii na kuzungumza lugha yake, ingeona mengi kuliko bingwa mmoja mwenye vyeti vingi.

Na aje lini? Hapa kwetu mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili. Mtathmini akiletwa Februari, kwa kuwa mwaka wa fedha wa mfadhili unaisha Machi, kijiji kizima kiko shambani. Atamkuta mtendaji, atamkuta mwenyekiti, atapiga picha chini ya mbuyu, ataondoka. Kisha ataandika kwamba "jamii imeridhika". Jamii ipi? Tuwe na ujasiri wa kumwambia mfadhili kwamba tathmini yetu itafanyika baada ya mavuno.

Kuhusu uhuru wa mtathmini nitasema kwa ufupi. Sisi ni wachache na tunajuana. Hakuna ubaya, mradi kila mmoja aandike kwenye hadidu za rejea, yaani maelekezo ya kazi yake, uhusiano wake na asasi anayoipima. Achague mwenyewe watu wa kukutana nao. Rasimu yake tuisome ili kusahihisha tarehe, majina na takwimu, lakini hukumu yake tusiiguse.

Sasa niseme jambo la wafadhili. Marekani ina taasisi ya taifa iitwayo National Endowment for the Humanities, iliyoanzishwa mwaka 1965, na chini ya mwavuli wa ruzuku zake kuna mabaraza 56 ya insia ya majimbo na maeneo ya nchi hiyo. Ni asasi zisizo za faida kama zetu, zenye bodi zao. Kwa miaka mingi mabaraza hayo yalijitathmini kwa maandishi na kutembelewa na timu za nje ili kulinda ruzuku hiyo, na utaratibu wao una mengi ya kutufundisha. Lakini Aprili 2025 ruzuku hizo zilikatizwa kwa ghafla kwa uamuzi wa serikali, na kesi zikafuata mahakamani. Tathmini nzuri hazikuizuia barua isije.

Somo ninalolichukua mimi, na wengine wanaweza kuona tofauti, ni kwamba tathmini isichukuliwe kama kinga ya fedha. Mfadhili anaweza kuridhika leo akaondoka kesho kwa sababu zisizohusiana nasi hata chembe. Siku hiyo, asasi inayomjua mwalimu anayetumia hadithi zake, inayozijua familia zinazohifadhi nakala za sauti, ina watu wa kuwaendea. Asasi iliyozoea kujipima kwa macho ya mfadhili peke yake itawaendea akina nani?

Wengine wenu mnaogopa tathmini kwa sababu ya aibu. Mnasema, tukikutwa na kasoro tumekwisha. Naomba mwikumbuke Kilwa. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakaandikwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu kuta zilikuwa zikibomoka. Ulimwengu mzima ulisoma. Je, Kilwa ilikwisha? Nchi ilikubali kilichoandikwa, ukarabati ukafanyika pamoja na washirika wa nje, na mwaka 2014 magofu hayo yakatolewa katika orodha hiyo. Miaka kumi, ndugu zangu. Kasoro iliyotajwa hadharani ilivuta wataalamu na fedha. Iliyofichwa isingevuta hata mfuko mmoja wa chokaa.

Baada ya taarifa kutoka, bodi iijibu kwa maandishi, hoja kwa hoja: hili tunalikubali na tutalifanya kufikia tarehe fulani, hili hatulikubali, na sababu yetu ni hii. Kukataa kunaruhusiwa. Kukaa kimya ndiko kusikoruhusiwa. Na taarifa irudi kwa walioulizwa. Isomwe kijijini kwa Kigogo, kwa Kirangi, kwa Kisandawe, kwa lugha ambayo watu walitumia kutupa majibu, na wapewe nafasi ya kusema, "Hapo mmetunukuu vibaya." Tunajiita asasi za lugha, itakuwa ajabu tathmini zetu zikiishia kwenye Kiingereza cha mtu wa kukodiwa.

Najua swali linalowasumbua watunza hazina: fedha itoke wapi? Mshauri mwelekezi hutoza kwa siku, tena kwa dola. Pendekezo langu ni kwamba tupimane wenyewe, lakini si wawili wawili, kwa maana wawili hubebana. Tukae watatu watatu: asasi ya Dodoma iitathmini ya Singida, ya Singida iitathmini ya Manyara, ya Manyara iitathmini ya Dodoma. Gharama ni nauli ya basi, chakula na mahali pa kulala. Kila asasi iandike tathmini yake ifikapo mwisho wa Mei, ziara zifanyike kati ya Juni na Agosti wakati watu wako majumbani, na majibu ya bodi yawe tayari mwishoni mwa Oktoba, kabla ya bajeti ya mwaka unaofuata. Sitaki tuanze sote. Tuanze na makundi mawili, asasi sita, tuone panapouma, turekebishe. Kwa mwaka wa kwanza tusimtangazie mfadhili yeyote, ili pasiwe na mtu wa kumpendezesha.

Asasi ninayoitumikia imekwisha kuandika jina lake, na nimeomba iwe ya kwanza kutembelewa. Daftari liko kwa katibu, nafasi tano bado ziko wazi. Ndugu Mwenyekiti, nashukuru kwa kunisikiliza; kama muda unaruhusu, ningependa maswali yaanze na wale wanaoona kwamba utaratibu huu hautawezekana.